Likizo ya Msiba

Japheth alikuwa mlinzi, lakini chumbani kwao Al Mansoura, jijini Doha, walimwita Wakili. Mtu akitaka kujua likizo yake inaanza lini, au kama akihama kampuni kiinua mgongo chake kitapona, alimfuata Japheth kitandani, naye alimjibu papo hapo. Hakuwahi kumpotosha mtu. Wa kwanza kupotoshwa naye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo wake huyo, Collins, alikuwa Marekani akicheza besiboli. Msicheke. Kwao Uganda wapo vijana wanaourusha ule mpira mdogo mgumu mpaka wageni wanapanda ndege kuja kuwatazama. Klabu moja ilimsajili, ikamweka kwenye timu zake za chini, zile za kusafiri kwa basi na kula mikate huku mtu akingoja kuitwa timu kubwa. Na mkataba wa huko chini una meno. Klabu inaweza kukutimua asubuhi yoyote itakapoamka vibaya, ila wewe huwezi kuiacha mpaka uitumikie misimu saba. Ukiimaliza, unakuwa mchezaji huru, unakwenda kwa anayekutaka.

Msimu wa nne, mama yao akafariki. Collins akapiga simu akilia. Japheth mwenyewe alikuwa ameomba ruhusa akanyimwa, na haikuwezekana mama wa watoto wawili azikwe na majirani.

"Nikienda, kaka, huu msimu si utapotea?"

"Upotee uende wapi? Likizo ya msiba inahesabiwa kwenye utumishi. Iko hivyo kila mahali. Nenda ukamzike Mama kwa niaba yetu sote."

Collins akaenda, akamzika mama yao. Viza ya kurudi ikakwama mpaka msimu ukaisha. Japheth hakushtuka hata kidogo. Kwa jinsi alivyoijua Doha, ukishaanza kazi utumishi wako unatembea tu, uwe zamuni au uwe umelala kwenu kijijini.

Miaka ikaenda, na mwaka jana wakaiona misimu saba imetimia. Timu moja ya Meksiko ilikuwa imeshamwona Collins na ilimtaka awe mrushaji wake wa kwanza, mradi tu awe huru. Alikuwa na miaka ishirini na saba na kiwiko kimeanza kumsumbua. Nafasi nyingine kama hiyo isingekuja, na ndugu wote wawili walilijua hilo. Ijumaa moja, siku ambayo Doha hata Wakristo husali, kanisani Mesaimeer, Japheth akasimama kutoa ushuhuda, ingawa jambo lenyewe lilikuwa bado. Akina mama wakapiga vigelegele. Dedan, dereva Mkenya anayelala kitanda cha juu yake, akamkumbatia.

"Wakili, dogo ameomoka! Hiyo ni noma sana!"

Novemba ilipofika, wakala wa Collins akaleta habari. Ule msimu wa msiba haukuhesabiwa. Mchezaji asipokuwepo, na si kwamba ameumia, huandikwa kuwa hayupo, na asiyekuwepo hatumikii. Collins alikuwa na misimu sita tu. Klabu ilikuwa na haki ya kumshikilia mwaka mmoja zaidi, na ikasema itamshikilia.

Japheth alizipokea habari hizo akiwa zamuni, kwenye mapokezi ya jengo moja la kifahari huko The Pearl.

"Waambie ulikuwa matangani!" alifoka kwenye simu mpaka mama mmoja mwenye kijibwa akageuka. "Waambie ulikwenda kumzika mama yako!"

"Wanajua, kaka. Walituma maua."

Meksiko wakavumilia wiki chache, kisha wakamchukua mwingine. Japheth alikonda. Chumbani watu waliendelea kumletea maswali yao ya likizo, naye akawaambia wamwache, yeye hajui kitu. Walidhani anaringa.

Machi, kwenye kambi ya mazoezi ya klabu, kile kiwiko cha Collins kikakatika mshipa. Collins alipiga simu siku ya Ijumaa, kwake Marekani kukipambazuka na huku Mesaimeer watu wakimiminika kutoka ibadani.

"Wameniacha, kaka. Jana. Sasa naweza kwenda timu yoyote."

Japheth akaikandamiza simu sikioni. Alitamani mdogo wake amtukane. Alitamani amuulize mara moja tu ni nani aliyemwambia kwamba msiba unahesabiwa, ili aombe msamaha na apumue. Collins hakuuliza. Hakuwahi kuuliza tangu Novemba, na upole huo ulikuwa unamuua Japheth taratibu.

"Kaka, kampuni yenu bado inachukua walinzi?"

"Na huo mkono?"

"Wewe unasimama tu mlangoni, si ndiyo? Mkono wa nini?"

Japheth akaegemea ukuta wa kanisa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kurusha, kwa maembe mabichi, nyuma ya jiko la mama yao.

"Wanachukua," alisema. "Mkataba ni miaka miwili."

"Sawa." Collins akaongeza swali. "Na huko kwenu, mtu akifiwa, akaenda kuzika, zile siku zinahesabiwa?"

Dedan, ambaye hakuwa ameambiwa lolote la Novemba, alikuwa anakuja mbio akitabasamu, mkono mbele, kuuliza kama dogo amesaini.

"Zinahesabiwa," Wakili alijibu, akilia mbele ya kwaya nzima.