Mwizi wa Makasha Matupu

Mwizi wa kuku namwelewa, anataka nyama. Mwizi wa simu naye namwelewa. Lakini mtu anayeiba kasha tupu la diski, ndani hamna hata vumbi, huyo alinivuruga akili.

Utaratibu wa chumba cha sauti na video cha maktaba yetu niliuweka mwenyewe, na nilijivunia. Rafuni nilipanga makasha yenye picha tu. Diski zenyewe zilikaa kwenye droo nyuma yangu, nimezifungia. Anayetaka kusikiliza analeta kasha kaunta, nami nampa diski yake. Kila diski ina kibandiko kinacholiza kengele mlangoni. Makasha sikuyabandika kitu, maana nani analinda maganda?

Sasa yalishapotea mawili, yote ya hadithi za watoto. Mkuu wa maktaba akaniita. "Dada, likipotea la tatu, unarudi ghalani kufunga magazeti. Chumba nampa mwingine."

Ghalani nilikaa miaka sita. Kikohozi chake ninacho mpaka leo. Nikachanganyikiwa vibaya: nikamshuku mfagiaji, nikamshuku mwenzangu wa zamu, hata mwenyewe nikajishuku, nikaupekua mkoba wangu mara mbili.

Alhamisi asubuhi nikamkamata. Alikuwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mzee wa watu, hana makuu, kasha la tatu liko ndani ya koti.

"Mzee wangu, hilo ni tupu," nikamwambia. "Unalipeleka wapi?"

"Yale mawili pia niliyakuta matupu, mwanangu. Nikadhani labda hili mmesahau kulitoa diski." Akalitoa, akaliweka kaunta. "Huyu kwenye picha ni mama wa watoto wangu. Hadithi hizi alizisoma hapa hapa, wakamrekodi, kabla hajaugua na kutuacha. Nataka kumsikia."

"Si ungeniomba tu?"

"Watu wanakuja na kadi, wanajaza fomu. Mimi kusoma sijui. Nikaona haya."

Nikashusha pumzi. Kazi yangu imepona, na mzee atamsikia mkewe. Nikafungua droo. Nafasi ya diski ya kasha lile ilikuwa tupu, na za yale mawili vilevile. Nikazidi kuchanganyikiwa, kwani ufunguo ninao mimi peke yangu. Nikafunua daftari la diski, nikakuta mwandiko wangu wa mwaka juzi: zimetupwa, miaka mitano hazijaazimwa. Makasha niliyabakiza ili rafu isiwe na mapengo, kisha nikasahau.

Nilimweleza ukweli, macho chini. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu, siku zote hizi mlikuwa mnalinda nini?"

Aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona. Mkuu akatokea mlangoni, akauliza kama mwizi amepatikana.

"Amepatikana," nikasema, nikamsogezea daftari.