Mafuta ya Mwarobaini Yanakubali Maji

Miezi minane ya mwaka 1996 mtafiti Bernadetha alikuwa akitikisa chupa maabarani. Alitaka mafuta ya mwarobaini yachanganyike na maji, apate dawa nyepesi ya kujipaka, ya kufukuza mbu wa Ifakara. Kila asubuhi alikuta mafuta juu, maji chini, kama wake wenza walionuniana. Bwana Wendelin, mkuu wa maabara, akachoka: chupa ikijitenga tena kufikia Ijumaa, kazi hiyo basi.

Jumatatu Mama Seni, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, alimletea Bernadetha maziwa yaliyotolewa siagi. Kwao Shinyanga kibuyu cha maziwa husafishwa kwa mkaa wa mti fulani. Huku mti huo hakuuona, akatumia majivu ya pumba za mpunga. Maziwa yakatoka ya kijivu.

"Mama, haya si maji ya kuoshea sufuria?" Bernadetha alifoka, bila hata salamu.

Mama Seni akayaacha maziwa mezani, akaondoka. Maziwa hayamwagwi, hilo Bernadetha alifunzwa tangu utotoni, basi akayamimina kwenye mafuta badala ya maji, akatikisa kwa hasira.

Jumanne chupa haikujitenga. Jumatano ilinuka mtindi, lakini haikujitenga. Akajaribu maziwa bila majivu: mafuta yakapanda juu. Majivu kwenye maji, bila maziwa: majivu yakazama, mafuta yakapanda tena. Hapo akaelewa, moyo ukamwenda mbio. Chembe za majivu, ndogo kiasi kwamba hata hadubini yake haikuziona, zilivishwa protini ya maziwa, zikazingira kila kitone cha mafuta kisiungane na mwenzake. Kibuyu kilikuwa kimemshinda msomi!

Alhamisi alikwenda kuomba radhi. Mama Seni alimwacha apige magoti kidogo, kisha akamfundisha: choma pumba mpaka ziwe majivu meupe, twanga, chuja kwa kanga mara tatu.

Ijumaa Wendelin aliigeuza chupa juu chini; haikujitenga. Kisha akamwona Mama Seni mlangoni.

"Mama, leo hatuchukui maziwa."

"Huyo ndiye mwenye dawa," Bernadetha akasema, na hakuwahi kusema neno lililomfurahisha hivyo.

Wendelin akampisha kiti chake, akatafuta kalamu. Mama Seni alikaa, akaweka kanga yake sawa mabegani, akamtazama mkuu wa maabara.

"Andika polepole, mwanangu," alisema. "Tunaanza na majivu."