Kofia na Rekodi ya Bibi Risasi

Miaka thelathini na minne Bibi Risasi ameishi kwa jina la sekunde kumi na moja na nukta nne, rekodi ya taifa ya mita mia, na hakuna msichana aliyeigusa. Olimpiki alikwenda kweli. Akatoka wa saba kwenye mchujo wa kwanza, ila hilo usimuulize ukiwa kwake. Koti lake la timu linaning'inia sebuleni, na mgeni haonji chai mpaka alisifie.

Uzeeni chama cha riadha kikampa kazi ya heshima: kusoma kipima upepo. Upepo wa mgongoni ukizidi mita mbili kwa sekunde, muda wa mkimbiaji hautambuliwi kuwa rekodi. Yeye husoma namba, huiandika kwenye fomu, hutia sahihi, basi. Na ajabu iliyoje! Kila binti aliyeikaribia rekodi yake alikutwa na kimbunga.

Jumamosi hiyo akakimbia mjukuu wake mwenyewe. Mtoto alichomoka huyo, akamaliza kwa kumi na moja na nukta tatu. Rekodi, na safari ya Olimpiki juu! Uwanja mzima vigelegele. Bibi akatazama mashine: moja nukta sita. Akashika kalamu, akaandika mbili nukta sita.

"Pole, mjukuu wangu," akasema, uso mkavu. "Upepo huo."

Binti akakaa chini palepale, akaangua kilio.

Mumewe Bibi, fundi cherehani mpole aliyekuwa nyuma yake akimshikia chupa ya maji, akavua kofia yake, akaiweka juu ya fomu. Haikutikisika.

"Unaiona? Siku ya rekodi yako niliifukuza kofia yangu mpaka nje ya geti. Mashine ilikuwa mbovu, wakaandika upepo sifuri. Nimenyamaza miaka yote hii kwa sababu nakupenda, mama. Leo sinyamazi."

Bibi Risasi akamgeukia. "Nani mwingine anajua?"

"Kofia."

Akaisogeza kofia, akakata ile mbili, akaandika moja. Mjukuu akamrukia kwa furaha, akamtania kwamba macho yamezeeka.

Haikupita nusu saa, waandishi wakamzunguka. "Yule nimemfundisha mimi!" akawaambia, kifua mbele. Mmoja akauliza upepo ulikuwaje.

"Wa leo?" Akamtupia jicho mumewe, aliyekuwa anaivaa kofia yake taratibu. "Wa leo ulikuwa halali."