Limao Juu ya Marumaru

Nimemuoa binti yake miaka kumi na miwili, na mama mkwe hajawahi kunipa kazi hata ya kupigilia msumari. Aliponiita nimwekee kaunta ya jikoni nilijua nikiharibu hapa nitasemwa mpaka kaburini.

Nilikuta bamba la marumaru nyeupe limeegemezwa ukutani. Shemeji yangu, mwalimu, kasimama mbele yake kama bwana harusi.

"Nimemchagulia mama," akasema. "Hili lilikuwa jiwe la chokaa. Likazikwa chini kabisa, likapikwa na joto, likabanwa mamilioni ya miaka. Jiwe lililoiva!"

"Limeiva, ila chokaa haijatoka. Mama, unatumia limao?"

"Hilo nalo swali, baba? Bila limao nakula nini?"

"Basi limao litakula kaunta."

Shemeji akacheka. "Uliacha shule darasa la ngapi vile?"

"La tano. Toka hapo nakata mawe."

"Toboa tundu la sinki, bwana, tusipoteze siku."

Dukani wangekubali kurudishiwa bamba likiwa zima. Likishatobolewa, ndiyo basi tena. Nikaweka drili chini, nikatoa vipande viwili kwenye mfuko wangu wa sampuli: marumaru nyeupe na granaiti ya kijivu.

"Hii ya kijivu ilikuwa uji wa moto huko chini," nikamwambia mama. "Ikapoa taratibu mpaka ikaganda. Ona punje zake. Haina chokaa hata chembe."

Nikalaza kipande cha limao juu ya kila jiwe. Tukanywa chai. Shemeji alikunywa vikombe viwili huku akitufundisha volkano.

Nikafuta. Granaiti iling'aa vilevile. Marumaru ilikuwa na duara lililofifia, kama alama ya kikombe. Mama akapitisha ukucha. Ukakwaruza.

"Mbona kitabuni hakipo hiki?" shemeji akanong'ona.

"Mwandishi hapiki," mama akamjibu. "Kalirudishe bamba lako. Mkwe wangu ataniletea hilo la uji."

Kipande chenye duara akakiweka dirishani. "Hiki kinabaki. Siku mwalimu akianza kunisomesha, namwonyesha."

Nilikuwa nakunja waya wa drili aliponiita tena.

"Baba, ukimaliza hapo, mlango wa choo unagoma kufunga."

Miaka kumi na miwili bila kazi, leo mbili kwa mpigo. Nikaenda kuutazama huo mlango kabla hajabadili mawazo.