Majina Yetu Ukutani kwa Kuwahara

Uligeuza uso, wewe uliyefanya kazi nasi. Usiniambie hukuona, nilikuwa kwenye mashine ya pembeni, nilikutazama. Shifti ya pili, Columbus, kiwanda cha fremu za viti vya magari. Bwana Kuwahara, msimamizi wetu kutoka Japani, alifungua bati la kukinga mikono kwenye mashine ya kukandamiza chuma, akaliegemeza ukutani, akasema kazi inachelewa. Dada yangu Nsimire akawekwa pale. Kabla ya mapumziko alikuwa amepoteza vidole vitatu. Wewe ukainama kufunga kamba za kiatu.

Ripoti ikasema Nsimire alilifungua bati mwenyewe. Akafukuzwa. Sasa tuko Buffalo, na Jumatatu kesi yake dhidi ya kiwanda inasikilizwa kwa mara ya mwisho. Neno la kaka peke yake halitoshi, wamesema.

Mwezi mmoja baada ya damu ile, Kuwahara alikuwa anarudi kwao. Sisi Wakongo tukafanya tunavyofanya siku zote: mgeni haondoki mikono mitupu. Mama Veridiana alipika sombe, kisamvu chetu, mchungaji wetu akaombea safari, na kwenye ubao mweupe wa kumpa zawadi kila mtu akaandika jina na shukrani, maneno yakilizunguka jina la Kuwahara, ndivyo desturi ya kwao inavyotaka. Jina la Nsimire lilikosekana. Niliona aibu, watu wasiseme ukoo wetu una kinyongo. Nikaliandika mimi. Chini yake nikaweka: asante kwa kututunza. Mwenyewe alikuwa nyumbani, bandeji hadi kwenye kiwiko.

Leo wakili wa kiwanda ana picha ya ubao ule, umetundikwa ukutani kwa Kuwahara, ushahidi wake kwamba Nsimire mwenyewe alimshukuru. Aliipata nilipoipata mimi: ukurasa wa Kuwahara mtandaoni, anakosimulia maisha yake tangu arudi Toyama baada ya miaka tisa Marekani. Simu yangu hunitafsiria. Sheria nayo nimejifunza humohumo, kwenye basi. Kuwahara anaandika anavyoanika godoro juani, alivyosahau kunyamaza ndani ya treni. Siku moja jirani alimrudishia mfuko wa taka mlangoni kwa sababu chupa moja ilikuwa bado na kifuniko, na kwao kifuniko hutupwa kando. Hakula siku hiyo kwa aibu. Kesho yake akaenda na boksi la keki kuomba radhi. Keki, kwa kifuniko cha chupa. Kwa vidole vya dada yangu hakuleta hata ndizi.

Nilimpigia Mirindi, aliyekuwa hatua mbili kutoka kwenye mashine. Siku hizi yuko Louisville. Akaniuliza habari za watoto, za theluji, za kanisa. Halafu: "Bon, kaka, ile mambo ilishapita. Muzee alisharudia kwabo. Muache akule muchele yake."

Nsimire alikuwa anakunja nguo kwa mkono mmoja, anasikia kila neno.

"Muulize," akasema. "Yeye alirudia kwabo. Vidole yangu ilirudia wapi?"

Mirindi akakohoa, akasema mtandao unasumbua.

Simwachi ale. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja: nani alifungua bati, saa ngapi, na kwamba jina la Nsimire kwenye ubao ni mwandiko wangu, nililiiba. Nakala moja inakwenda kwa hakimu. Nyingine inakwenda Toyama, kwa kamati ya mtaa wake, kwa Kijapani, pamoja na picha ya mkono. Mtu huyu haogopi Mungu wala mahakama, anaogopa jirani. Basi nataka jirani huyohuyo agonge mlango akiwa ameishika.

Mpaka sasa barua ina jina moja, langu. Ubao ule uliusaini bila kusukumwa, tena ukachora ua. Barua iko dukani kwa Rugaba, Grant Street, hapa Buffalo. Ukiwa Columbus au Louisville nakutumia kwenye simu, uichape, usaini, uirudishe. Tumia mwandiko uleule, walinganishe na ukuta wake. Usimuulize mchungaji, usingoje Mirindi aanze. Leo ni Ijumaa. Chukua kalamu.