Sifuri ya Mzee Gramu

Mzee Gramu hakuwa na nywele, hakuwa na magego mawili ya kushoto, hakuwa na subira ya foleni, na hakuwa na cheti hata kimoja chenye muhuri. Kusoma alisoma, tena sana: madarasa ya jioni miaka sita, akitoka kazini na vumbi la chuma kwenye kucha. Lakini shule ile ilifungwa wiki mbili kabla ya mtihani, na mwalimu mkuu akaondoka na funguo.

Jina la Gramu alipewa sokoni. Kwa miaka thelathini na minne alikagua mizani za wafanyabiashara, na aliyepunja hata gramu tano alibanduliwa kibandiko cha ukaguzi mbele za watu.

Kwa hiyo daktari wa meno aliposema kwamba watakaoshiriki utafiti wake kwa uaminifu wiki zote nane watapewa cheti, mzee aliuliza swali moja tu.

"Kina muhuri?"

"Kina muhuri, babu."

"Niandike. Na mama watoto mwandike."

Meno ya wote wawili yalikuwa hayavumilii baridi. Daktari aliwaeleza kwamba jino lina vijitundu visivyoonekana kwa macho, vinavyoelekea kwenye neva. Baridi ikipenya humo, neva hupiga kelele. Akampa kila mmoja tyubu nyeupe yenye namba tu: mzee kumi na saba, mkewe kumi na nane. Ndani huenda mna dawa mpya ya kuziba vijitundu, huenda mna dawa ya meno ya kawaida. Hata daktari mwenyewe hajui. Sharti lilikuwa moja: kila mtu na tyubu yake.

Wiki ya tatu mkewe alifungua friji, akamimina maji, akayanywa yote kwa mkupuo mmoja.

"Aah! Neva hata haijakohoa!"

"Kunywa taratibu, utapaliwa," alisema mzee, huku jicho limemtoka.

Mkewe alipotoka kwenda kwa jirani, mzee alichukua wembe, akabandua vibandiko vya namba na kuvibadilisha. Mikono yake ilikuwa imebandua maelfu. Haikuacha hata mkunjo.

Wiki ya sita alikaa kwenye kiti cha daktari. Hewa baridi ikapulizwa kwenye jino.

"Kutoka sifuri mpaka kumi, babu, maumivu ni ngapi?"

Mzee alingoja. Akangoja tena.

"Sifuri."

"Mara ya kwanza ulisema nane!" Daktari akamwita muuguzi aje ashuhudie. "Babu, wewe ni mshiriki wa mfano. Matokeo yako nitayasoma mbele ya wenzangu."

Mzee alitabasamu. Njiani ndipo alipokumbuka tabasamu lile alipata kuliona wapi: kwa wauza duka waliokuwa wakitoboa mawe ya mizani kwa chini.

Alimkuta mkewe akikunja nguo, akamwambia yote. Mkewe aliweka shati chini, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ulizibadilisha lini?"

"Wiki ya tatu."

"Mimi wiki ya pili."

"Nini?"

"Nilikuonea huruma, mzee wangu. Yangu naona inafanya kazi, nawe ukipiga mswaki unalia kama birika. Nikabandua, nikabandika. Nimeishi na mkaguzi miaka arobaini, unadhani sikujifunza kitu?"

Mzee alihesabu kwa vidole. Kumbe alijiibia tyubu yake mwenyewe.

"Sasa mimi nimeponywa na nini?"

"Na wivu."

Alipomaliza kucheka, mkewe alisema, "Basi funika kombe mwanaharamu apite. Kila kitu kimerudi mahali pake."

"Siku tisa hivi hazikuwa mahali pake."

"Siku tisa tu!"

"Muuza misumari naye aliniambia hivyo. Gramu tisa tu."

"Na cheti?"

Mzee aliinua macho ukutani. Alikuwa amekwisha kupima nafasi juu ya redio na kupigilia msumari wa kukitundikia.

"Yule binti daktari atawapa watu dawa kwa kuamini sifuri yangu," alisema. "Lete karatasi."

Barua ilichukua alasiri nzima. Kichwa chake kilikuwa kirefu: Kubadilishwa kwa Vibandiko vya Tyubu Namba 17 na 18, Mara Mbili. Kazi ikawa tarehe.

"Mimi nilibadilisha Jumanne," alisema mkewe. "Siku bomba lilipopasuka."

"Bomba lilipasuka Jumatano!"

Wakamwuliza jirani dirishani. Akasema Alhamisi, tena akaapa. Mzee, kwa uchungu mkubwa, akaandika: kati ya Jumanne na Alhamisi.

"Andika na mimi nimo," mkewe alisema, akatia sahihi kabla hajaambiwa wapi. "Sitaki uonekane mwizi peke yako."

Sentensi ya mwisho mzee aliiandika akiwa amekunja uso: "Cheti sistahili, msinitayarishie."

Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe, akatoka kwenda posta kabla moyo haujageuka. Kwenye sanduku la barua, hata hivyo, mkono uligoma. Bahasha ilikuwa nusu ndani, nusu nje, na watu wawili nyuma yake wameanza kuguna.

Mkewe, aliyemfuata na ndara za bafuni, akampiga kiwiko. Barua ikadondoka ndani.