Kidole Gumba cha Sikio

Katika gereji ile, gari halikukanyagwa mafuta juu ya mashine mpaka Sikio anyanyue kidole gumba. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini hata mimi, ambaye kazi yangu ni kuchomelea ekzosi kwenye kibanda cha pembeni, nilikuwa naiheshimu kuliko taa za barabarani.

Mashine yenyewe ni dayno. Gari linafungwa kwa mikanda minene, matairi ya nyuma yanakaa juu ya roli za chuma, kisha linakimbizwa bila kwenda popote huku kompyuta ikichora mstari wa nguvu zake. Anayekaa kwenye usukani, kompyuta pembeni, ni mdogo wake Sikio, mwanamke asiye na mzaha kazini. Akiwahisha cheche kidogo hapa na kupunguza petroli pale, gari pole linatoka likiwa na hasira. Sikio husimama mbele ya boneti amevaa vifuniko vya masikio. Kutoka kwenye vifuniko hivyo unashuka mpira mrefu hadi kwenye kipande cha bomba la shaba, na bomba limekazwa kwa bolti kwenye mwili wa injini. Kazi yake ilikuwa moja tu, kusikiliza kugonga. Petroli ikilipuka ndani kabla ya wakati wake, injini hutoa mlio kama changarawe kwenye kopo, na ukiuachia mlio huo, injini inajiua. Kwa hiyo kidole juu, endelea. Kidole chini, achia mafuta.

Alikuwa hodari mpaka inatisha, ndiyo maana tukamwita Sikio. Waliponunua sensa ya kufanya kazi hiyohiyo, mdogo wake alinisimulia akicheka, "Taa ya sensa ikiwaka, nikiinua macho nakuta kidole cha kaka kimeshashuka. Yule si binadamu."

Tulicheka wote. Mambo mengine pia tuliyacheka. Ukimwamkia kutoka nyuma, haitikii. Nikasema amepanda cheo, siku hizi hasikii salamu za wachomeleaji. Akisimulia jambo, mtaa mzima unapata habari. Tukasema hiyo ndiyo sauti ya ubosi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini sisi kilio chenyewe tulikigeuza mzaha, na hilo linaniuma mpaka leo.

Gari lililoleta msiba lilikuwa la baba yao, marehemu. Gari fupi, jekundu, la viti viwili, lililokaa chini kiasi kwamba mtu mzima analishukia badala ya kulipanda. Mzee alilishindanisha ujanani, kisha likafa injini, naye akalifunika turubai akisema atalitengeneza. Hakulitengeneza. Alichobaki nacho ni kupiga chuku. Kila mgeni aliyefika nyumbani aliambiwa kwamba gari lile lina nguvu za farasi mia tatu, na kila mgeni aliitikia kwa adabu huku akiangalia turubai.

Mama yao ndiye aliyewaomba. Alisema hataki zawadi nyingine yoyote. Anataka kuisikia ile injini kabla masikio yake hayajaziba, halafu apandishwe kiti cha kushoto, alichokuwa akikalia zamani, azungushwe hata mtaa mmoja. Watoto wakaifungua injini kipande kwa kipande, kazi ya miezi. Bloki, yaani mwili wa injini, ilikuwa ileile ya asili, na nyingine ya aina yake haipatikani tena; zimekwisha duniani, alisema Sikio. Ndani wakaweka pistoni mpya za mashindano. Ekzosi nilitengeneza mimi, na sitaki kujisifu, lakini niliikunja vizuri.

Siku ya kupima, Mama alikuja mapema, amevaa gauni la kutokea. Nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Nilipompa vifuniko vya masikio akanirudishia.

"Mwanangu, nimekuja kusikia, wewe unaniziba?"

Injini ilipowaka, alishika shavu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na mimi nikajifanya natafuta spana.

Tatizo lilianza mara moja. Pistoni za mashindano zina kelele zao, na sensa haikujua kuzitofautisha na kugonga. Taa nyekundu iliwaka hata injini ikiwa imetulia tu. Mdogo mtu akachungulia dirishani.

"Kaka! Sensa inapiga kelele za bure. Naizima. Leo ni sikio lako tu, kama zamani!"

Feni kubwa ya kupoza rejeta ilikuwa inavuma. Sikio akanyanyua kidole gumba.

Mara ya kwanza wakaikimbiza, mstari ukapanda vizuri. Mdogo mtu akawahisha cheche, wakarudia, ukapanda zaidi. Walipofika mia mbili na themanini na kitu, mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga makofi. Gari lilikuwa tamu, halina deni kwa mtu. Lingefunguliwa mikanda pale pale, Mama angepanda, na hadithi hii nisingekuwa nayo. Lakini mdogo mtu akasoma namba, akatabasamu, akamwonyesha kaka yake vidole vitatu kupitia kioo cha mbele. Mia tatu. Chuku za baba ziwe kweli, mbele ya Mama. Nani angesema hapana? Mimi mwenyewe nilipiga mluzi kushangilia. Sikio akacheka, kidole kikaenda juu.

Mdogo wake akawahisha cheche tena, akakanyaga. Sauti ikajaa banda zima mpaka spana zikatetemeka ukutani. Mama akanivuta mkono, akanisogezea mdomo sikioni.

"Mbona kuna kitu kinatikisika humo? Kama punje za mahindi kwenye debe."

Nikamtazama Sikio. Amesimama imara, vifuniko masikioni, kidole juu. Nikamwambia Mama, "Usiwe na wasiwasi, yule pale akinyamaza ujue kuna amani."

Mlipuko haukuwa mkubwa kama unavyodhani. Ulikuwa pigo moja la chuma juu ya chuma, halafu oili ya moto ikamwagika chini ya gari, na moshi mweupe ukafunika roli. Mdogo mtu alizima kila kitu na kuruka nje. Feni ikasimama. Ndipo wote tukamwona Sikio. Alikuwa bado hajahama pale mbele ya boneti, anatabasamu kidogo, macho yake yako kwenye kiti cha dereva kisicho na mtu, na kidole gumba bado kiko juu.

Kisha oili ikamfikia viatuni. Akainama, akachungulia chini. Konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilikuwa imekatika na kutoboa bloki ubavuni, tundu la kupitisha ngumi.

"Kaka, hukusikia?" mdogo wake alipiga kelele. "Iligonga! Haiwezekani isigonge! Ulikuwa unasikiliza nini?"

Alikuwa nyuma yake wakati anasema hayo. Sikio hakugeuka. Mama akainuka kwenye kiti, akamwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo sisi wengine hatukuwahi kulisikia. Akaita tena. Sikio alikuwa anafuta oili kwenye kiatu kwa kitambaa, taratibu, kama mtu aliye peke yake.

Mdogo mtu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akazunguka, akamsimamia mbele. Sikio alipouona uso wake, alivua vifuniko, akavishika kifuani kama kofia msibani.

"Tangu lini?" aliuliza dada mtu, sasa kwa sauti ndogo kabisa.

Sikio alimwangalia midomo. "Sauti nyembamba ziliondoka zamani. Hizi nyingine zimeondoka moja moja."

"Na kidole? Kilikuwa kinashuka sawasawa na sensa!"

"Nilikuwa nakuangalia wewe. Taa ikiwaka unakunja uso. Ukikunja uso, nashusha." Akaitazama oili sakafuni. "Leo hukukunja uso."

"Leo niliizima sensa, kaka. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi kwanza, maana mimi niliambiwa kwa lugha nyepesi kabisa, na mtu mwenye masikio mazima, nikamnyamazisha. Banda zima lilikuwa na masikio sita yanayosikia. Yote yalikuwa yamekabidhiwa kwa mawili yasiyosikia, kwa sababu ya heshima.

"Ungeniambia," dada mtu alisema. "Ungeniambia tu, kaka."

"Ningekuambia nini? Halafu niitwe nani?"

Mama alipita katikati yetu, gauni lake la kutokea likigusa oili, wala hakuliangalia. Aliliacha gari bila hata kulitupia jicho. Alimshika mwanawe mashavu, akauelekeza uso wake kwake, akasema polepole, akifungua mdomo kwa kila neno.

"Kumbe hukuisikia? Hata ilipowaka asubuhi?"

Sikio akatikisa kichwa. Ndipo alipolia. Miezi yote ile aliitengeneza injini ya baba yake kwa mikono yake, akaiwasha, na alichokipata ni mtetemo wa miguuni na nyuso zetu.

Mama hakumwambia anyamaze. Akavuta kile kiti cha plastiki, akamkalisha, akaomba kingine, akaketi mbele yake magoti yakigusana. Mdogo mtu akachutama pembeni yao na kuegemea bega la kaka yake.

"Basi nitazame mdomo," alisema Mama. "Mwanzo ilikohoa mara mbili, kama alivyokuwa akikohoa baba yako akitaka kuanza kusema uongo wake. Halafu ikakaa sawa."

Akaendelea kumweleza, neno moja moja, mpaka mwisho.